Unga Uliomngoja Mjomba

Kiegei, 2 Julai 1950

Mjomba Saturnini,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini uko mzima, na kikohozi cha masika kimemwachia Mama Magreti mkeo. Sisi tumevuna ufuta, haukuwa mbaya, ingawa nguruwe walitangulia kuchukua fungu lao. Eustace wangu bado yuko Nachingwea kwenye karakana ya matrekta, anarudi Jumamosi ananuka mafuta hadi mto wetu wa kulalia unanuka. Nami nina mimba, nadhani nitajifungua mwezi wa Noeli.

Sasa jambo lenyewe. Ndugu yangu Felisian anaumwa. Ulisikia kwamba mwezi wa Mei, walipokuwa wakisafisha pori la mashamba ya karanga, mti uliovutwa na mnyororo ulimwangukia ukamvunja mguu wa kulia. Walimfunga plasta hospitali ya kambi, nami nikamchukua kwangu pamoja na Sikuzani, ambaye wewe hutaki kumwita mkewe. Mguu ulikuwa unaunga vizuri. Alhamisi moja akataka kutuonyesha kwamba amepona. Akasimama kwa mguu mzima, akajikaza kunyanyua gunia la mtama lililoegemea ukuta. Alikuwa anacheka. Gunia lilitoka chini kidogo, kisha akaliangalia kana kwamba hajui ni kitu gani, akaanguka. Tangu hapo upande wa kulia umekufa wote, mdomo umekwenda kando, na maneno yanamtoka moja moja kwa taabu.

Daktari amempima kila mahali. Anasema ni kiharusi, ugonjwa wa wazee, na hajui umemfikaje kijana wa miaka ishirini na minne ambaye damu yake ni safi na presha yake haina kasoro. Mjomba, sikuwahi kumsikia Mzungu akisema hajui. Afadhali angedanganya, maana neno lile halikufika jioni kabla watu hawajalipatia jibu.

Jibu lao ni wewe. Wanakumbuka Pasaka ya mwaka jana, Felisian alipokuja kukuambia amemwoa Sikuzani, binti wa Kiislamu, bila kukuuliza. Ulimfukuza mbele ya watu ukasema, "Mguu wako usikanyage tena Nandagala." Uliutaja mguu. Na mguu ndio uliotangulia kuvunjika.

Unajua kinachotakiwa, umekiona kwa wazee wetu. Mjomba aliyekasirika huja na unga wa mtama na maji, humpaka mpwa wake kifuani, akasema kwa mdomo wake kwamba hasira imekwisha. Anayekuita ni Felisian mwenyewe. Neno linalomtoka vizuri kuliko yote ni "Mjomba". Sikuzani ameshatwanga unga, ameuweka kwenye bakuli karibu na kichwa chake, ameufunika kwa kitambaa. Njoo upesi.

Mpwa wako,
Dionisia


Nandagala, 6 Agosti 1950

Mpwa wangu Dionisia,

Milele amina. Barua yako ilinifikia ikiwa imekunjwa kama tumbaku, maana huyo dereva uliyempa aliisahau chini ya kiti. Mama Magreti anakusalimu, kikohozi bado kinamtembelea asubuhi. Tumepaua kanisa letu kwa bati, sasa mvua ikinyesha hata mimi mwenyewe sisikii ninachofundisha. Watoto wa kipaimara ni wengi mwaka huu, Askofu atakuja Novemba, na mambo yote yako juu ya kichwa changu. Nimefurahi kwa habari ya mimba. Ukipata wa kiume unajua jina.

Habari ya Felisian imenichoma. Mtoto yule nilimlea mimi baada ya dada yangu kufa, nilimfundisha Baba Yetu akiwa hajui kufunga suruali. Lakini wewe uliyesomeshwa na masista unaniandikia mambo ya unga? Mimi ni katekista miaka yote hii. Kila Jumapili nasimama mbele ya watu nawaambia waache matambiko, halafu nije Kiegei na bakuli kama mganga? Nikimpaka unga maana yake nimekubali kwamba nilimloga. Sikumloga. Na maneno hayo ya mguu sikumbuki kuyasema hivyo. Nilisema asije, basi.

Tena nikuulize. Mnanitazama mimi niliye huku Nandagala, mbona hammtazami aliye karibu? Chunguzeni anayempikia. Watu wa kwao wana dawa zao, na yeye ndiye aliyemvuta mtoto wetu kutoka kwa ndugu zake. Sisemi zaidi.

Nampelekea Felisian rozari yangu na chupa ya asali. Namwombea kila misa.

Mjomba wako,
Saturnini


Kiegei, 20 Agosti 1950

Mjomba,

Tumsifu Yesu Kristu. Mama Magreti apewe majani ya mpera yaliyochemshwa. Hapa hatujambo, mikorosho imeanza kuchipua.

Nilipoipokea barua yako nilifanya kosa ambalo sitalirudia. Unajua kwetu barua ya mjomba haisomwi kimya, husomwa mbele ya wote. Niliketi kando ya kitanda, Felisian kajiinua kwenye mto, Sikuzani kakaa mlangoni anachambua mchicha, nikasoma kwa sauti bila kutangulia kuitazama. Felisian alitabasamu kwa upande mmoja uliposema ulimfundisha Baba Yetu. Kisha nikafika kwenye "chunguzeni anayempikia", na maneno yalikuwa yameshanitoka.

Sikuzani alimaliza mchicha, akauweka mbele yangu, akaniambia, "Dada, kuanzia leo pika wewe." Nikapika mimi. Felisian akafunga mdomo. Nikamlisha uji, akautema. Mchana vile vile. Siku ya pili akanyoosha mkono wa kushoto akamwonyesha Sikuzani, kisha akaonyesha chungu, akasema "Yeye." Mjomba, mtu huyo ana maneno machache kuliko kasuku, na moja ya hayo amelitumia kumtetea mkewe juu yako. Sasa anapika Sikuzani, na kila akimpelekea sahani anaonja kwanza mbele yetu sote. Hakuna aliyemwambia aonje. Mimi siwezi kumtazama akifanya hivyo.

Hujaulizwa kama ulimloga. Mimi sijui kama hasira ya mjomba inavunja mguu. Masista walinifundisha kwamba haivunji, bibi alinifundisha kwamba inavunja, nami nimewaamini wote wawili tangu utotoni. Lakini Felisian anaamini, na kila gari likisimama barabarani anageuza shingo. Hakuna ulichoombwa zaidi ya kuja.

Asali ameila. Rozari hawezi kuivuta kwa mkono mmoja, kwa hiyo Sikuzani anamshikia, yeye Mwislamu, punje kwa punje.

Dionisia


Kiegei, 1 Oktoba 1950

Mjomba,

Tumsifu Yesu Kristu. Sijui barua yangu ya Agosti imeliwa na mchwa au wewe ndiye uliyeimeza. Kwa hiyo hii naifupisha.

Felisian anasimama kwa fimbo. Anaweza kufika mlangoni. Daktari anashangaa, anasema ujana unamsaidia, lakini bado hajui sababu, na asiyejua sababu hawezi kujua kama itarudi. Sikuzani amebadilisha unga tena, ule wa kwanza uliingia wadudu.

Mstari wa chini ameuandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Alihangaika nao tangu asubuhi, na hakutaka nimshike mkono.

Mjomba njoo. Sina hasira. F.


Nandagala, 22 Oktoba 1950

Mpwa wangu Dionisia,

Milele amina. Salamu za Mama Magreti, majani ya mpera yamemsaidia. Huku jua ni kali, tunaokota korosho za kwanza, na nyani wanaziokota pamoja nasi.

Barua yako ya Agosti ilifika. Sikuijibu kwa sababu sikuona la kujibu. Kuhusu yule binti, yaishe, niliandika nikiwa na uchungu. Kuhusu neno la mguu, pengine nililisema, sikatai tena. Mtu mzima akikasirika husema mengi, na neno likishatoka ni upepo tu, halishiki mfupa wa mtu.

Mwandiko wa Felisian nimeuweka ndani ya kitabu changu cha misale. Sikulala vizuri. Nitakuja, Dionisia. Lakini nielewe, siwezi kuja sasa. Katekista wa Malolo aliachishwa kazi mwezi uliopita kwa sababu alisimama kwenye tambiko la mvua, hata hakumwaga pombe, alisimama tu. Watu walimwona, wakampelekea Padri habari. Na Kiegei kuna macho. Nikionekana nimeingia nyumba ambamo unga umenisubiri tangu Julai, na nchi nzima inajua umewekwa kwa ajili yangu, nani atauliza kama niliugusa? Askofu anakuja katikati ya Novemba. Akishaondoka nitapanda gari la kwanza. Mwambie mtoto avumilie kidogo tu. Barua hii usiisome kwa sauti.

Mjomba wako,
Saturnini


Kiegei, 3 Desemba 1950

Mjomba,

Felisian amekufa.

Sina salamu. Alikufa Novemba, siku ambayo nadhani wewe ulikuwa unamshikia Askofu kitabu. Asubuhi alikuwa ameketi mlangoni na fimbo yake. Gari la chumvi likasimama barabarani, akajikaza kuinuka ili aone nani anashuka. Akaanguka kama ile siku ya gunia. Eustace alikuwepo, akampakia kwenye gari hilo hilo wakamkimbiza kambini, lakini hakuzinduka.

Daktari alitoka akatukuta mimi na Sikuzani tumekaa chini. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba hataki kutulazimisha, lakini akiruhusiwa kumfungua maiti huenda akaona kilichomuua, na huenda siku moja ikamsaidia mwingine. Najua kwa desturi mwenye neno juu ya mwili wa Felisian ulikuwa wewe. Nilimtazama Sikuzani. Kwao hawapendi maiti iguswe kisu, hata kwetu hatupendi. Akasema, "Nimeonja chakula miezi yote hii ili watu waone. Acha na wao waonje ukweli." Tukakubali, yeye na mimi.

Nakuandikia alichotueleza, maana unastahili kukijua. Moyo una vyumba, na kati ya vyumba vya juu kuna ukuta. Mtoto akiwa tumboni ukuta huo una mlango mdogo, sote tulikuwa nao. Tukizaliwa na kuvuta pumzi mlango unajifunga. Wa Felisian haukujifunga. Watu wengi wako hivyo, anasema, wanazeeka na kufa kwa mambo mengine bila kujua. Lakini mguu wake ulipovunjika ukalazwa bila kutembea, damu iliganda ndani ya mishipa yake. Donge likajitoa likapanda. Kwa kawaida lingeishia kwenye mapafu. Lakini mtu akijikaza, kama kunyanyua gunia au kuinuka kwa nguvu, ule mlango unasukumwa wazi, donge linapita upande wa pili na kwenda moja kwa moja kichwani. Huenda ndivyo ilivyokuwa, mara zote mbili. Hakusema ni hakika. Alisema huenda, na akairudia huenda yake ili tusiisahau. Alituonyesha kwa mikono yake jinsi mlango unavyofunguka. Mikono ilikuwa imeoshwa, lakini sikuacha kuitazama.

Tulimzika kwenye makaburi ya misheni. Padri mwenyewe alikuja, yule unayemwogopa. Aliliona bakuli akaniuliza ni la nini, nikamwambia. Akasema, "Kwa nini Saturnini hakuniuliza? Kumwendea mgonjwa, kumwekea mkono na kumsamehe, ningemkataza mimi?" Nimekuandikia maneno yake kama alivyoyasema.

Sikukutumia mtu mbio uje kuzika. Ulisema mguu wake usikanyage kwako, nami niliona wako usikanyage kaburini kwake.

Dionisia


Nandagala, 20 Desemba 1950

Dionisia,

Habari za kifo cha mwanangu nimezipata sokoni, kwa muuza chumvi, kabla ya barua yako. Aliniambia huku akipima kibaba. Mama Magreti alinikuta nimekaa barabarani, hakuweza kuninyanyua peke yake. Hukunipa hata siku moja ya kufika. Haya uliyonitendea mtu hawatendei hata watu baki.

Na mmemchana. Wanawake wawili mmeketi chini mkatoa ruhusa ya kuchanwa mtoto wa dada yangu, mimi mjomba wake nikiwa hai na nina pumzi. Kama angenijia mtu kuniuliza ningesema hapana, na ningesimama mlangoni.

Lakini yamekwisha kufanyika, na Mungu ana njia zake. Nimeisoma habari ya mlango wa moyo mara nyingi. Basi unaona. Alizaliwa nao. Mguu ni mti, kiharusi ni moyo, Saturnini hayumo. Nilikuambia tangu Agosti kwamba sikumloga ukanifanyia kejeli. Miezi yote hii nimetembea na macho ya watu mgongoni, hata huku Nandagala kuna akina mama waliokuwa wanawaficha watoto wao nikipita. Sasa nakuomba kitu kimoja, na ni haki yangu. Mwombe daktari aandike alichokiona. Isomwe kanisani Kiegei na isomwe huku, Padri akubali, kwamba kilichomuua Felisian ni tundu la moyo wala si neno la mjomba wake. Jina langu lisafishwe.

Nasikia umejifungua mtoto wa kiume. Nimefurahi, nimelia pia. Kwa desturi yetu mjomba ndiye atoaye jina, nami ninampa langu. Aitwe Saturnini. Nitakuja kumbatizisha Epifania, sasa hakuna wa kunizuia.

Mjomba wako


Kiegei, 14 Januari 1951

Mjomba,

Tumsifu Yesu Kristu. Nakusalimu, na Mama Magreti namsalimu zaidi. Nasikia Epifania ulifika mpaka Nachingwea, ukaambiwa tumekwisha kubatiza, ukageuza. Ungekuja. Mlango haukuwa umefungwa, na wewe peke yako ndiye uliyebaki hujalia kaburini.

Mtoto alibatizwa wiki ile ile aliyozaliwa. Anaitwa Felisian. Mama wa ubatizo hakuwa Sikuzani kwa sababu si Mkristo, lakini ndiye aliyempakata njia nzima kutoka misheni, na hakumpa mtu mwingine. Ameniambia hatarudi kwao mpaka mtoto atambae. Nilimpeleka kwa daktari amsikilize moyo. Akaweka kile chombo chake kifuani, mtoto akamnyea koti. Anasema hasikii kitu kibaya, ila mlango wa namna ile aghalabu haupigi kelele, masikio hayatoshi kuujua. Kwa hiyo nimerudi na huenda nyingine. Nikimwona anajikaza kulia natamani kumziba mdomo, halafu najionea haya.

Kuhusu ombi lako. Halikuhitaji karatasi wala kanisa. Siku ya arobaini ya Felisian nilisimama mbele ya watu wote, ndugu zake Sikuzani wamekuja, watu wa kambini wamekuja, nikawaeleza habari ya moyo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Niliwaambia: Mjomba Saturnini hakumloga, na Sikuzani hakumlisha sumu. Niliwaambia pia huenda ya daktari, ambayo wewe umeiacha njiani. Mzee Abdala, yule aliyekuwa wa kwanza kukutaja, aliinama akasema tumekukosea. Wengine wakaitikia. Ukipita Kiegei sasa hakuna atakayeficha mtoto. Umesafishwa, Mjomba, kama ulivyotaka.

Nami nikaketi chini, na badala ya kutulia nikashikwa na hasira ambayo haijaniacha hadi leo. Maana zamani nilikuwa na kitu cha kukusamehe. Nilidhani labda ni kweli, labda neno lako lilimpiga, na ndiyo maana uliogopa kuja kumtazama. Mtu mwenye hatia huogopa, hilo nalielewa, lilinipa usingizi kidogo. Sasa daktari ameniondolea hilo. Hukuwa na hatia. Hukuwa na lolote la kuogopa zaidi ya kazi yako, na hata hiyo isingekutoka. Yeye alikuwa anageuza shingo kila gari linaposimama, na gari la mwisho ndilo lililomwinua.

Bakuli Sikuzani aliliosha siku ya arobaini. Unga alitaka kuumwaga, nikamkataza. Tukapika uji tukawagawia waliokuja, na wengi waliusifu bila kujua ulikuwa wa nani. Ulikuwa mzuri, Mjomba, Sikuzani alikuwa ametwanga mwingine wiki ile aliyokufa Felisian, kwa kuwa nilimwambia uliandika kwamba Askofu akiondoka utakuja. Nami ile barua sikuisoma kwa sauti kama ulivyoniagiza. Nilimwambia Felisian kitu kimoja tu kilichokuwa ndani yake, kwamba Mjomba yuko njiani.

Ulikuwa msafi tangu siku ya kwanza, na hukuja.

Dionisia